Mkunga wa Ukutani

Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, Jumanne, nilikuwa nimeshika kifundo cha mkono wa mama mjamzito nikihesabu mapigo yake, macho yangu kwenye saa ya ukutani, simu ilipoanza kutetemeka mfukoni mwa sare yangu. Nikaiacha. Ikakatika, ikaanza tena.

"Sista, pokea," alisema mwanamke mmoja kwenye benchi. "Baba watoto atadhani umetekwa."

"Baba watoto gani anapiga saa hizi," mwenzake akadakia. "Huyo ni mtu wa kikoba, anadai marejesho."

Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Ilikuwa siku ya kliniki ya wajawazito katika zahanati yetu, ng'ambo ya mashamba ya mizabibu ya Makutupora. Siku hiyo watu huwa wengi na utani huwa mwingi. Nilimaliza kuhesabu mapigo, nikaandika, nikatoka nje kupokea.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya upole, ya ofisini. Alitaja majina yangu yote matatu. Kisha akataja namba yangu ya usajili, tarakimu moja baada ya nyingine, akauliza kama mwenye namba hiyo ni mimi. Nikasema ni mimi. Akasema anapiga kutoka ofisi ya usajili wa wauguzi na wakunga, mjini. Kuna mama amelalamika. Alijifungulia katika kituo kimoja cha binafsi Nkuhungu, mtoto ametoka na mkono wa kulia usionyanyuka, na mkunga aliyemzalisha ni mimi. Nifike kesho na vyeti halisi. Hadi shauri liishe, nisimguse mgonjwa.

"Nilimzalisha lini?"

Akataja tarehe. Ilikuwa ya miezi minne nyuma.

"Dada yangu, nina mwaka na zaidi sijafanya kazi Nkuhungu."

"Utayasema hayo ukifika, Sista. Mimi hapa nina jina na namba."

Nikarudi ndani. Mama niliyekuwa nampima alikuwa bado amenyoosha mkono mezani, ananisubiri. Nikamwambia anisamehe, atapimwa na mwenzangu.

Nieleze namba ile ni nini kwangu, maana aliyezoea kuandikiwa kila kitu na wazazi na shule anaweza asielewe. Niliingia hospitali kwa mara ya kwanza nikiwa mfagiaji. Nilisafisha sakafu ya wodi ya wazazi miaka mingi. Nilinunua kitabu cha ukunga kilichochakaa kwa muuza vitabu vya mtumba, nikakisoma kwa kamusi, ukurasa kwa ukurasa, nikiwa nimekifunika kwa gazeti ili wenzangu wasinicheke. Kidato cha nne nilikifanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikarudia masomo mawili. Chuoni nilisoma na mabinti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Waliniita Mama, na nilikaa dawati la mbele kwa sababu macho yalikuwa yameanza kunisumbua. Cheti cha chuo hakikupi ruhusa ya kumgusa mzazi. Mpaka usajiliwe, upewe namba, kisha uwe na leseni, ambayo nayo ina muda wake na huhuishwa kwa kulipia ada. Namba niliipata nikiwa na miaka thelathini na nane. Siku hiyo niliiandika kwa kalamu ya risasi ndani ya jalada la kile kitabu cha mtumba. Ndicho kitu pekee duniani nilichoweza kusema ni changu peke yangu. Nyumba ni ya familia, shamba ni la ukoo. Namba ni yangu.

Na mtu alikuwa ameivaa kama koti lililosahauliwa kwenye kiti.

Mganga mfawidhi wa zahanati yetu ni kijana mwenye adabu. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta.

"Sista, mimi nakuamini," akasema. "Lakini kuaminiwa na mimi hakukupi leseni. Mkataba wako unasema bila leseni hakuna kazi, na bila kazi hakuna mshahara."

"Najua unavyosema. Niliusoma kabla ya kusaini."

"Basi tusilaumiane."

"Sikulaumu wewe," nikamwambia. Nilikuwa nasema kweli. Nilijua tayari nimlaumu nani.

Kituo cha Nkuhungu nilikifanyia kazi miaka mitatu. Mwenye kituo alikuwa dalali wa mahindi Kibaigwa kabla hajagundua kwamba wagonjwa hawana msimu. Hakusomea udaktari wala uuguzi, lakini alijua kuajiri, na sisi tuliosomea tulimwita Mkurugenzi. Hakuwa mtu mkali. Alijua majina ya watoto wetu. Sikukuu alitugawia mafuta ya kula. Kila muuguzi leseni yake aliitia kwenye fremu, akaitundika ukutani kwenye chumba cha kujifungulia, na chini yake akaweka picha ya mwenyewe. Picha zetu za pasipoti alizipeleka steshenari zikakuzwa hadi zikatosha ukubwa wa sahani. Yangu nilipigwa nikiwa nimekunja uso kidogo, kwa sababu ya macho. Wazazi waliokuja walisema naonekana mtu wa kuaminika.

Ada za leseni zetu alizilipa yeye, akatukata kwenye mishahara. Na kwa kuwa siku hizi kila kitu kinafanyika mtandaoni, na mtandao ule hufunguka unapotaka wenyewe, alituambia tumpe nywila zetu, kijana wake wa kompyuta atatufanyia wote kwa mkupuo. Tukampa. Tuliziandika kwenye karatasi moja, jina na nywila, jina na nywila, tukampelekea ofisini kama watu wanaochangia harusi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona ajabu. Kituo nilichofanyia kazi kabla ya hapo nako ilikuwa hivyo hivyo. Sisi ni watu ambao hatuwezi kumwachia mtu sindano bila kusaini, lakini nywila tuliigawa kama pipi.

Nilipopata mkataba wa zahanati niliaga vizuri. Nikaomba leseni yangu ukutani. Mkurugenzi akasema, "Dada, wakaguzi wanakuja wiki ijayo, ukuta ukiwa na pengo wataniuliza. Niachie mpaka nipate mkunga mwingine." Nikaona ni haki. Nilikuwa na nakala. Leseni tulifundishwa kuwa mahali pake ni ukutani, na kichwani mwangu ukuta ule ulikuwa bado ukuta wa kazi.

Muda wa kuhuisha ulipofika, nilikaa na simu yangu chini ya mwarobaini wa zahanati, nikajaribu kulipia. Mfumo ukaniambia leseni yangu tayari imehuishwa. Nikajaribu tena. Imehuishwa. Nilifurahi. Nilidhani yule bwana, kwa wema wake wa mafuta ya kula, alikuwa ameweka ada yangu pamoja na za wengine kwa mazoea. Basi nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka natafuta kitu cha kupiga teke. Nilimpigia simu kumshukuru.

"Usijali, dada yangu," alinijibu. "Wewe bado ni mtu wa hapa."

Nilikata simu nikitabasamu.

Kesho yake nilikuwa mjini asubuhi, na bahasha ya vyeti. Afisa wa ofisi ya usajili alikuwa yule yule wa simuni, mwanamke wa rika langu, nadhifu, na meza yake haikuwa na kitu isipokuwa kompyuta na chupa ya maji. Alipitia vyeti vyangu, akavirudisha kimoja kimoja. Kisha akanigeuzia kompyuta nione.

"Kituo chako cha kazi kwenye mfumo ni hiki cha Nkuhungu. Umekithibitisha mwenyewe ulipohuisha leseni."

"Sikuhuisha mimi."

"Nywila ni ya nani?"

"Yangu. Lakini anayo mwajiri wa zamani."

"Alikuibia?"

"Nilimpa."

Hakucheka, na ningependa angecheka. Aliandika. Nikamwambia siku ya uzazi ule nilikuwa zahanati, ng'ambo ya Makutupora, na zahanati nzima ni shahidi. Akaacha kuandika.

"Kwa hiyo unakiri kuna kituo cha pili unachofanyia kazi, ambacho hakimo kwenye mfumo?"

Nilidhani nimeleta utetezi, kumbe nimejiongezea shtaka. Nilimtazama yule afisa nikajua hana ubaya na mimi. Alikuwa anasoma kilichoandikwa mbele yake. Lakini kilichoandikwa mbele yake kiliandikwa na kijana wa kompyuta wa Nkuhungu, kwa jina langu, na kilikuwa na uzito kuliko mimi niliyekaa pale na mwili wangu, na vyeti vyangu, na miguu iliyovimba kwa safari.

Kutoka pale nilikwenda Nkuhungu. Mapokezi palikuwa na binti nisiyemjua, mrembo, kucha ndefu za rangi ya damu ya mzee, sare nyeupe iliyopigwa pasi. Alinisalimu, "Shikamoo mama, umekuja kupima au kumwona mgonjwa?" Mlango wa chumba cha kujifungulia ulikuwa wazi nyuma yake. Nikajiona. Nimekunja uso kidogo, ukubwa wa sahani, nimetundikwa juu ya kitanda.

Mkurugenzi alinipokea kwa mikono miwili. Akaagiza soda.

"Sitaki soda."

"Dada, punguza hasira, tuongee. Jambo dogo hili."

"Mtoto hanyanyui mkono."

"Uzazi una mambo yake, wewe ndiye mtaalamu, unajua zaidi yangu."

"Ndiyo, najua. Bega likikwama, kichwa hakivutwi. Nani alivuta?"

Akatazama mlangoni, akashusha sauti. Yule binti wa mapokezi, akasema, ni mtoto wa dada yake, amemaliza kidato cha nne, ana mikono mepesi, alikuwa anamsaidia mkunga wa zamu. Na mkunga wa zamu yuko wapi? Alikuwa amechelewa. Anaitwa nani? Hapo Mkurugenzi akanywa soda aliyoniagizia mimi.

Kisha akanieleza mpango wake, kwa utaratibu kabisa, kama mtu anayepanga bei ya magunia. Nisaini karatasi kwamba nilikuwa nikija kituoni kwake kwa muda wa ziada, na siku ile nilitoka mara moja kwa dharura ya kifamilia. Kosa la kawaida. Nitapewa onyo. Yeye atanipa laki tano ya usumbufu, na kila mwezi kitu kidogo ili leseni iendelee kukaa pale ukutani.

"Wenzako wengi wanafanya," akasema. "Leseni inakaa ukutani, inakuletea hela wakati wewe umelala. Nani anakataa hela?"

"Ulinilipia ada ili univae."

"Na ulinishukuru, dada. Au umesahau? Ulinipigia mwenyewe, ukanishukuru."

Nikanyanyuka, nikaenda moja kwa moja chumba cha kujifungulia. Nikashika fremu kuishusha. Haikushuka. Ilikuwa imepigwa skrubu nne.

"Dada, hiyo fremu ni mali ya kituo," akasema nyuma yangu.

Nimeishi na watu wa kila namna, nimetukanwa na wazazi wakiwa kwenye uchungu, nimepigwa teke, nimetapikiwa. Sijawahi kutamani kumpiga binadamu kama nilivyotamani saa ile. Nikatoka. Pale mapokezi nikamwambia yule binti akate kucha. Akaziangalia, akaniangalia, akasema, "Mama naye!"

Shauri lilichukua miezi miwili na nusu. Kijijini, mtu akiwa hafanyi kazi kila mtu ana sababu yake. Walisema nimeiba dawa. Walisema nimekuwa mlevi wa mvinyo wa kienyeji. Wanaonijua walisema tu, "Pole, Sista," na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Nilipalilia bustani, nikasoma upya kitabu changu cha mtumba, sura ya bega kukwama, nikijua kila neno.

Mchana mmoja mwanamke jirani alikuja nyumbani kwangu akitembea kwa kujishikilia ukutani, mama mkwe wake nyuma na kikapu. Mimba ya nne. Nilimtazama tu nikajua saa yake imekaribia sana.

"Mbukwenyi," mama mkwe akasalimu kwa Kigogo, akaweka kikapu chini. "Tumekuja kwako, Sista. Pale zahanati kuna mwanaume tu."

"Mama, siruhusiwi."

"Nani kakukataza, na mtoto anatoka?"

Nilikuwa na mikono, nilikuwa na maji safi, nilikuwa na miaka yangu yote ya sakafu na vitabu. Nikamshika mwanamke yule kiunoni, nikamsindikiza hadi zahanati, polepole, nikisimama naye kila uchungu ulipokuja. Mlangoni nikamwachia mganga mfawidhi. Nikabaki nje, mikono nyuma kama mwizi aliyekamatwa, nikisikiliza kila sauti kupitia dirishani na kujua kila sauti maana yake. Mtoto alilia vizuri. Mama mkwe alitoka na kunipita bila kunitazama. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningemtemea mtu kama mimi mate.

Siku ya shauri tulikuwa chumba cha mikutano, meza ndefu, watu watatu wa kamati upande mmoja. Mkurugenzi alivaa suti. Mama aliyelalamika alikaa karibu na dirisha, mtoto amelala mapajani kwenye khanga. Ndiyo kwanza nilikuwa namwona. Msichana mwembamba, miguu ina vumbi jekundu, mikono ya mtu anayevuna zabibu za watu kwa kreti, ina makovu madogo ya mkasi kwenye vidole. Mkono wa kulia wa mtoto ulikuwa umelala ubavuni, kiganja kimegeukia nyuma. Mkunga anaujua mkono ule hata akiwa mlangoni.

Walimsikiliza Mkurugenzi kwanza. Aliongea vizuri. Alisema mimi ni mtumishi wake wa siku nyingi, wa muda wa ziada, na kama nimewadanganya wengine hilo si lake. Mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye sauti ndogo, akauliza ushahidi wake ni nini.

"Mheshimiwa, ada ya leseni yake nililipa mimi, kama mwajiri. Na yeye alinipigia simu kunishukuru. Muulizeni."

Mwenyekiti akanigeukia. "Ulimpigia?"

"Nilimpigia."

"Ukamshukuru?"

"Nikamshukuru."

Kalamu tatu zikaandika. Nilieleza kwa nini, nikaeleza nywila, nikaeleza ukuta na skrubu, na kadiri nilivyoeleza nilijisikia nikizidi kuonekana mwongo. Ukweli wangu ulikuwa mrefu. Uongo wake ulikuwa sentensi moja. Niliiona namba yangu ikifutwa, niliona mstari mwekundu ukipita juu yake.

Ndipo yule afisa wa usajili, mwanamke wa chupa ya maji, akamwomba mwenyekiti ruhusa ya kumuuliza mama. Akainama kidogo ili awe usawa naye.

"Mama, huyu hapa unamfahamu?"

Msichana akanitazama. Alinitazama muda mrefu.

"Namfahamu," akasema.

Mkurugenzi akajiegemeza kwenye kiti.

"Unamfahamu vipi?"

"Ni yule wa ukutani."

Mwenyekiti akauliza ana maana gani. Kiswahili cha yule msichana kilikuwa cha kujifunzia, alikitoa taratibu, neno likikataa anasubiri. Alisema alikuwa mjini kwa dada yake uchungu ulipomwanza. Walipofika kituoni dada aliuliza kama mkunga yupo, kwa sababu wameambiwa vituo vingine hakuna. Wakaonyeshwa picha. Wakaambiwa, huyu hapa, mtu mzima, mzoefu. Wakalipa. Akapandishwa kitandani, na picha iko juu yake.

"Uchungu ukija namwangalia," alisema. "Namuuliza yule binti wa kucha, huyu mama yuko wapi? Anasema, anakuja. Uchungu tena. Namuuliza. Anasema, anakuja. Kichwa kimetoka, mwili umekataa. Binti analia, mimi nalia. Namwambia, mwite yule mama. Anasema, anakuja. Halafu akavuta."

Mtoto aliamka, akanyoosha mkono wa kushoto kutafuta khanga.

Msichana hakuwa amemaliza. Alinigeukia mimi, hakuwa na hasira, alikuwa anauliza kitu anachotaka kujua.

"Mbona hukuja?"

Nililia mbele ya kamati, kwa sauti, mtu mzima, na nilikuwa nalia kwa hasira, kwa sababu ningekuja. Kama kuna mtu angeniambia, ningekuja kwa miguu kutoka Makutupora.

Nilisafishwa. Barua ilikuja, ina maneno mazuri, leseni yangu ikarudishwa, kituo cha kazi kikabadilishwa kuwa zahanati yangu. Nywila mpya niliweka mwenyewe, mbele ya afisa, ambaye aligeuza uso asiione. Hapo tu ndipo tulipocheka pamoja.

Mkurugenzi alitozwa faini, kituo kikafungwa kwa muda. Nilipopita Nkuhungu baadaye kilikuwa kimepakwa rangi mpya na kibao kina jina jingine. Niliingia. Binti wa kucha hakuwepo. Chumba cha kujifungulia kilikuwa na picha mpya juu ya kitanda, kijana wa kike, anatabasamu, labda ndiyo kwanza ametoka chuo. Nilisoma jina lake kwenye leseni. Mkurugenzi alinikuta pale.

"Dada! Karibu. Tumefuata sheria zote sasa."

"Huyu yuko wapi?"

"Yupo. Ametoka kidogo."

"Anakuja?" nikamuuliza.

Akatoa leso, akafuta kioo cha fremu. Nilitoka na jina la yule kijana kichwani, na kabla sijafika kituo cha basi nilikuwa nimeshampigia afisa wa usajili. Akaniambia ataangalia. Sijui kama aliangalia. Namba ya simu ya yule mkunga kijana niliipata kwa kuulizia kwa wauguzi, nikamtumia ujumbe: Badilisha nywila leo. Alijibu kwa kuuliza mimi ni nani.

Yule mama aliyelalamika sasa anamleta mtoto zahanati kwetu. Nilimpa rufaa kwenda hospitali, na huko walimfundisha mazoezi ya kumnyoosha mkono. Nikiwa zamu tunayafanya pamoja. Kiganja kimeanza kugeuka. Bega bado, na wameniambia wazi kwamba huenda lisirudi lote. Siku ya kwanza alipofika alisimama mlangoni, akanitazama nimekaa mezani, akasema, "Sista wa ukutani, leo umeshuka." Wanawake wa benchi walicheka bila kujua wanacheka nini. Mimi sikuweza.

Mishahara niliyokosa, nauli na ada ya kiapo kwa wakili nimeshavimeza. Nina kazi, nitavirudisha kwa jasho. Kilichonishinda kumeza ni karatasi aliyonionyesha yule mama siku ile ya kwanza, ameikunja ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Ni risiti ya kituo. Imeandikwa: huduma ya mkunga. Mbele yake kuna jina langu. Niliipeleka ofisi ya usajili nikauliza nani atamrudishia fedha yake. Wakasema wao wanashughulika na wauguzi, fedha si yao. Nikaipeleka kituoni. Nikaambiwa kituo kilichotoa risiti hiyo hakipo tena. Nikamwambia yeye nitamlipa mimi, akakataa, akaniuliza kwa nini nilipe wakati sikuja. Risiti ameirudisha kwenye kadi ya mtoto. Ni vibarua vya msimu mzima wa zabibu, amelipia mkunga ambaye hakuwahi kufika: shilingi laki moja na elfu ishirini.